Panya Akipona, Nani Amepona?
Kuhusu wanyama wa majaribio na ugonjwa wa mchochota wa utumbo

Wasomaji wa jarida letu wamezoea kukutana nami katika kurasa hizi nikizungumzia ngeli, vitenzi visaidizi na makosa ya upatanisho yanayotusumbua madarasani. Leo naomba radhi, kwa sababu nataka kuzungumzia panya. Hata hivyo, atakayevumilia hadi mwisho ataona kwamba sikutoka nje ya idara, bali nilirudi ndani yake kwa mlango wa nyuma.

Kisa kilianza hivi. Mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa pili alikuja ofisini kwangu na kurasa tatu alizozichapisha kutoka kwenye intaneti. Kijana huyu anaugua utumbo. Kwa karibu mwaka mzima alikuwa akiharisha damu. Zahanati mbili zilimpa dawa za amiba, baadaye akashukiwa kuwa na kifua kikuu cha tumbo, mpaka alipofika kwenye hospitali kubwa, akaingizwa mpira wenye kamera, ndipo akaambiwa kwamba ana mchochota wa utumbo mpana wenye vidonda, na kwamba atakunywa vidonge kwa muda mrefu, pengine maisha yake yote. Zile kurasa zilieleza kwa Kiingereza cha maabara habari za dawa mpya. Yeye mwenyewe alizielewa kiasi, lakini anayemnunulia vidonge ni baba yake, mwanajeshi mstaafu ambaye Kiswahili ndiyo lugha aliyoizoea kusoma tangu kambini. Akaniomba, "Mwalimu, nitafsirie hapa tu, nimpelekee mzee."

Nilitafsiri kwa dakika ishirini, kabla ya kipindi cha saa nne. Sentensi iliyokuwa kiini cha habari niliiandika hivi: "Dawa hii imeponya kabisa mchochota wa utumbo katika panya wa mfano." Nikaridhika nayo. Ilikuwa fupi, ilikuwa na upatanisho sahihi, na haikuwa na neno lolote la kigeni.

Mzee aliisoma kama alivyoandikiwa. Dawa imeponya, tena kabisa. Maneno "panya wa mfano" aliyachukua kuwa ni namna ya kusema "panya, kwa mfano", yaani imeponya panya na wengineo. Akafanya jambo ambalo mzazi yeyote mwenye kipato kidogo angelifanya: fedha za vidonge vya kila mwezi akaziweka kando ili zikusanyike, dawa yenyewe ikifika mjini anunue. Mwezi wa tatu kijana alilazwa kwa siku tisa na kuongezewa damu. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta baba yake kando ya kitanda. Hakunilaumu. Alitoa karatasi yangu mfukoni, imekunjwa vizuri kijeshi, akaniwekea kidole kwenye neno. "Mwalimu, umeandika imeponya."

Tangu siku hiyo nimesoma kuhusu panya hao kuliko nilivyosoma kitu chochote nje ya taaluma yangu tangu nilipomaliza shahada ya uzamili Dar es Salaam. Mwenzangu wa idara ya biolojia amenisaidia sana, na palipo na kosa katika maelezo haya, kosa ni langu.

Ugonjwa wenyewe

Mchochota ni ile hali ya sehemu ya mwili kuvimba, kuwa nyekundu, kupata joto na kuuma. Ukichomwa na mwiba, mchochota ni rafiki yako, kwa kuwa ni dalili kwamba askari wa mwili wamefika mahali pa tukio. Katika ugonjwa tunaouzungumzia, askari hao wanafika utumboni, wanapiga, na hawaondoki. Kuna sura mbili kubwa. Ya kwanza ni mchochota wa utumbo mpana wenye vidonda, ambao hukaa kwenye utando wa juu wa utumbo mpana na kwa kawaida huanzia sehemu ya haja kubwa na kupanda. Ya pili ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la Burrill Crohn aliyeueleza pamoja na wenzake wawili mjini New York mwaka 1932. Huu unaweza kushika mahali popote kuanzia mdomoni hadi mwisho wa njia ya chakula, na huchimba ukuta mzima wa utumbo. Kwa macho, hata kwa darubini, mara nyingine ni vigumu kuutenganisha na kifua kikuu cha utumbo. Ndiyo maana katika nchi zetu, ambako kifua kikuu na amiba ni wageni wa kila siku, mgonjwa anaweza kuzungushwa kama alivyozungushwa mwanafunzi wetu.

Chanzo chake si kimoja. Watafiti wanakubaliana kwamba kuna mambo manne yanayokutana: jeni alizozaliwa nazo mtu, bakteria waishio utumboni mwake, utando unaowatenganisha bakteria hao na damu, na mfumo wa kinga. Sasa mtafiti afanyeje? Hawezi kumzimia mtu jeni ili aone utumbo utakuwaje. Hawezi kumlea mtoto mchanga ndani ya sanduku lisilo na bakteria hata mmoja. Hawezi kumkata mgonjwa kipande cha utumbo kila siku ili afuatilie kidonda kinavyoanza. Hayo yote humfanyia panya.

Hapa Kiswahili chetu kinatupa shida ndogo. "Panya" kwetu ni yule mdogo anayekimbia juu ya dari na yule mkubwa wa ghalani, wote wawili. Maabara huwatenganisha kabisa, kwa kuwa ni spishi mbili tofauti na wanajibu majaribio kwa namna tofauti. Katika makala hii "panya" pekee ni yule mdogo, na mwenzake nitamwita panya mkubwa. Wala tusimchanganye yeyote kati yao na panya buku waliofunzwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu. Hao ni wafanyakazi, na hawa tunaowazungumzia ni wagonjwa.

Wagonjwa wa kutengenezwa

Njia inayotumika sana ni rahisi kiasi cha kushangaza. Tangu mwaka 1990, watafiti wa Japani walipoieleza, panya hupewa maji ya kunywa yaliyotiwa chumvi ya kemikali iitwayo deksitrani salfeti, kwa kawaida gramu mbili au tatu katika kila mililita mia. Baada ya takriban siku tano hadi saba panya anaanza kuharisha damu na kukonda. Kemikali hiyo inaharibu utando wa ndani wa utumbo mpana, bakteria wanapenya, na mchochota unawaka. Ukimrudishia maji safi, panya huanza kupona mwenyewe.

Msomaji arudie sentensi hiyo ya mwisho. Panya huanza kupona mwenyewe. Mgonjwa wetu haponi kwa kubadilishiwa maji. Kwa hiyo mtafiti akisema dawa yake "imeponya" panya wa namna hiyo, anachosema hasa ni kwamba utando uliounguzwa na kemikali umejirekebisha upesi zaidi, au umeungua kidogo zaidi, kuliko kwa panya ambaye hakupewa dawa. Ni habari njema, lakini ni habari ya utando. Kuna jambo jingine lililonishangaza zaidi. Mwaka 1994 ilionyeshwa kwamba kemikali hiyo huleta ugonjwa hata kwa panya waliozaliwa bila limfosaiti, zile chembe nyeupe ambazo kwa binadamu zinashukiwa kuwa wahusika wakuu wa ugonjwa huu. Yaani unaweza kuigiza tamthilia nzima na mhusika mkuu hayupo jukwaani.

Njia ya pili, iliyoelezwa mwaka 1989 kwa panya wakubwa, ni ya kumwingizia mnyama kwa njia ya haja kubwa kemikali nyingine iliyochanganywa na spiriti. Sitaichambua, ila nitarudi kuitaja kidogo hapo baadaye.

Mwaka 1993 mambo yalibadilika. Katika mwaka huo mmoja timu kadhaa zilitangaza panya waliozimwa jeni moja tu, kisha wakaugua utumbo bila ya kuwekewa sumu yoyote. Maarufu kuliko wote ni panya wa Ujerumani aliyezimwa jeni ya interlukini-10. Interlukini ni protini ambazo chembe za kinga hutumia kupelekeana ujumbe, na ujumbe wa hii ya kumi ni wa kutuliza: inatosha, rudini kambini. Panya asiye nayo alipata mchochota wa kudumu wa utumbo, akadumaa, akapungukiwa damu. Kumbe basi ugonjwa unaweza kuja si kwa sababu moto umewashwa, bali kwa sababu mzimaji hayupo.

Wakamchukua panya huyohuyo wakamlea mahali pasipo na bakteria kabisa. Hakuugua. Jeni ni ileile mbovu, utumbo ni uleule, lakini bila bakteria hakuna ugonjwa. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote tuliyofundishwa na panya kuhusu ugonjwa huu, na hakuna namna ambayo lingeweza kujulikana kwa kumchunguza binadamu peke yake. Mwaka huohuo wa 1993 watafiti wengine walichukua panya wasio na limfosaiti, wakawapandikizia kundi moja tu la chembe hizo kutoka kwa panya mzima. Utumbo ukawaka. Walipowapandikizia na kundi la pili pamoja na lile la kwanza, utumbo ukatulia. Kutokana na kazi za namna hiyo tunajua leo kwamba ndani ya jeshi la kinga kuna kikosi ambacho kazi yake ni kuwazuia askari wenzake.

Sasa tufuatilie interlukini-10 ilivyokwenda kwa binadamu, kwa sababu ndipo penye somo la mzee wangu. Hoja ilionekana kuwa nyeupe: panya akikosa interlukini-10 anaugua, basi mgonjwa akiongezewa atapona. Ilitengenezwa, wakadungwa wagonjwa wa Crohn katika majaribio yaliyochapishwa mnamo mwaka 2000, na matokeo hayakuwa ya maana. Wagonjwa wengi hawakuwa na upungufu wa kitu hicho, na kuwaongezea hakukuwasaidia. Ungedhani hadithi ya panya huyu imeishia hapo. Mwaka 2009 madaktari, wengi wao wa Ujerumani, walieleza habari za watoto walioanza kuugua utumbo vibaya mno wangali wachanga. Watoto hao walikuwa na kasoro katika jeni za kipokezi cha interlukini-10. Ujumbe wa kutuliza ulitumwa, lakini mlango wa kuupokelea ulikuwa umeharibika. Hao walikuwa ndugu halisi wa yule panya. Mmoja wao alipandikizwa uboho wa mtu mwingine, akapata chembe mpya za kinga zenye kipokezi kizima, na ugonjwa ukatulia.

Kwa hiyo panya wa mwaka 1993 hakusema uongo. Alikuwa akisema habari za watoto wachache sana, na watu wazima wengi wakadhani anawasema wao.

Panya wawili, majibu mawili

Nimekwisha kugusa interlukini-10, sasa niguse ile ya 17. Hii huchochea mchochota, na utumbo wa wagonjwa unayo kwa wingi. Dawa ya kuizuia, sekukinumabu, ilijaribiwa kwa wagonjwa 59 wa Crohn, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2012. Si kwamba haikufaa tu. Waliopewa dawa walipata madhara zaidi kuliko waliopewa dawa bandia, na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake. Dawa hiyohiyo imewafaa sana wagonjwa wa ngozi wenye soriasisi na iliidhinishwa kwa ajili yao mwaka 2015.

Je, panya hawakuonya? Waliulizwa, na walijibu mambo mawili tofauti. Mwaka 2004 ilichapishwa kwamba panya wa deksitrani salfeti akizuiwa interlukini-17, ugonjwa wake unazidi. Miaka miwili baadaye ikachapishwa kwamba panya wa ile kemikali ya pili, asiye na kipokezi cha interlukini-17, ana nafuu. Wote wawili wanaitwa kwa jina moja katika vitabu, mnyama wa mfano wa mchochota wa utumbo. Mmoja ameharibiwa utando, na inaonekana interlukini-17 husaidia kuutunza utando, kwa hiyo kumnyang'anya ni kumwongezea jeraha. Mwingine ameunguzwa kwa namna nyingine, na huko interlukini-17 ni sehemu ya moto. Binadamu ana yote mawili kwa wakati mmoja.

Mahali pengine panya na binadamu waliitikia pamoja. Mwaka 2006 majaribio ya panya yalionyesha umuhimu wa interlukini-23, na katika mwaka huohuo uchunguzi wa jeni za wagonjwa wenyewe ukaonyesha kwamba mabadiliko katika kipokezi cha interlukini-23 yanahusiana na ugonjwa. Ushahidi wa pande mbili ulipokutana, dawa zilifuata: ustekinumabu iliidhinishwa kwa ugonjwa wa Crohn mwaka 2016, na risankizumabu mwaka 2022. Mtafiti aliye makini humwuliza panya, kisha akamwuliza mgonjwa swali lilelile.

Aidha, si kila dawa ilipita kwa panya mwenye utumbo mgonjwa. Salfasalazini, ambayo ndiyo vidonge vya kijana wetu, ilitokana na kazi ya daktari wa Uswidi, Nanna Svartz, miaka ya 1940, alipokuwa akitafuta dawa ya baridi yabisi. Panya wa deksitrani salfeti alikuwa bado miaka hamsini mbele.

Kima wa Kolombia

Mnyama mmoja katika habari hizi alinigusa kuliko panya. Ni kima mdogo aitwaye tamarini, ana kishungi cheupe kama pamba kichwani na hafiki hata nusu kilo. Anaishi kaskazini-magharibi ya Kolombia na hapatikani kwingine duniani. Miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 maelfu yao walikamatwa na kupelekwa Marekani kwa ajili ya maabara. Huko wakaanza kuharisha, na wengi wakapata mchochota wa utumbo mpana, hata saratani yake. Hawakupewa sumu wala kuzimwa jeni. Ugonjwa uliwajia wenyewe wakiwa kifungoni, wakati wenzao wa msituni hawakuonekana kuwa nao. Kwa nini, maelezo yaliyotolewa ni mengi: baridi, chakula, msongo wa kufungwa, bakteria wageni.

Kwa kuwa ugonjwa wao haukuwa wa kutengenezwa, walifaa kwa jambo ambalo panya wa kemikali asingelifaa. Mwaka 1996 watafiti waliwapa kingamwili inayoziba kitambulisho ambacho chembe za kinga hutumia kuingilia utumboni, na wale kima wakapata nafuu upesi. Kingamwili hiyo ilifanyiwa marekebisho ili ifae kwa binadamu, ikaitwa vedolizumabu, na mwaka 2014 ikaidhinishwa kwa aina zote mbili za ugonjwa. Miaka kumi na minane kutoka kima hadi duka la dawa, na hiyo ni hadithi ya mafanikio. Tamarini mwenyewe leo yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kabisa kutoweka. Msitu wake umekatwa, na kukamatwa kule kulichangia.

Sitaki kujifanya sikuona upande huo. Panya anayeharisha damu anaumia, hata kama hana wa kumwandikia barua. Mwaka 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, waliweka kanuni tatu ambazo maabara nyingi zinazifuata hadi leo: tumia kitu kingine badala ya mnyama pale inapowezekana, tumia wanyama wachache iwezekanavyo, na wapunguzie maumivu. Ile kanuni ya kwanza imepata nguvu tangu mwaka 2009, maabara ya Uholanzi ilipofaulu kuotesha ndani ya kisahani vijipande vya utumbo kutokana na seli shina za panya, na muda mfupi baadaye za binadamu. Leo kijipande cha utumbo wa mgonjwa mwenyewe kinaweza kuoteshwa na kupimwa. Lakini kijipande hicho, kama kilivyooteshwa hapo mwanzo, hakina chembe za kinga wala bakteria wala mishipa ya damu, kwa hiyo nacho kina mengi isiyoyasema.

Neno lililonishinda

Narudi kwenye kosa langu. Katika sentensi ile kulikuwa na maneno mawili mabaya.

La kwanza ni "mfano". Neno hili limebeba mizigo mingi. Kuna mfano wa kutolea maelezo, kuna mfano wa kuigwa, na kuna mfano kwa maana ya sura au umbo linalofanana na jingine. Tunaposema "mwanafunzi wa mfano" tunamsifu. "Panya wa mfano" basi ni panya mwenye adabu, au ni panya miongoni mwa wengine, kama mzee alivyoelewa. "Kielelezo" ni afadhali, lakini nacho kina harufu ya kiambatisho cha mahakamani. "Modeli" hutumika na wenzetu wa sayansi, na sina ugomvi nayo, ila kwa msomaji wa kawaida modeli ni mtu wa maonyesho ya mavazi.

Nilipokuwa nikifundisha aina za maneno, jibu likaja lenyewe ubaoni. Tunacho katika sarufi kitu kinachosimama mahali pa kingine bila ya kuwa hicho kingine, nacho ni kiwakilishi. Nikisema "yeye amelazwa", neno "yeye" limesimama mahali pa jina la mtu. Limebeba nafsi na idadi. Je, ni mwanamume au mwanamke? Halisemi. Ni mzee au kijana? Halisemi. Huwezi kulilaumu, kwa sababu halikuumbwa kubeba hayo, na huwezi kulilazimisha. Panya wa deksitrani salfeti amebeba kuharibika kwa utando na kupona kwake. Panya asiye na interlukini-10 amebeba kukosekana kwa mtulizaji. Tamarini amebeba ugonjwa wa kudumu uliokuja wenyewe. Hakuna hata mmoja aliyebeba miaka ishirini ya kuugua, ugali na maharage, dawa za amiba alizomeza mtu bila sababu, na jeni za watu wa bonde la Nile. Panya wa maabara ni ndugu waliofanana kama shilingi kwa shilingi, wanakula chakula kimoja, na muda wao wa kuishi ni kama miaka miwili tu. Kwa hiyo nimeamua kuandika "mnyama kiwakilishi", wingi wake "wanyama viwakilishi". Wenzangu wa isimu wakiwa na bora zaidi, kurasa za jarida ziko wazi.

Neno la pili baya ni "imeponya". Hapo hata istilahi haikuwa tatizo, tatizo lilikuwa mimi. Kiingereza cha makala ile kilisema kwamba dalili zilipungua na utando ukaonekana kuwa bora chini ya darubini. Nami nikaona "kuponya" kunaleta ladha. Tunavyo vitenzi vya kutosha: kupunguza, kutuliza, kupooza, kuleta nafuu, kukausha vidonda. Watangazaji wa redio na waandishi wa magazeti huvuta "kuponya" kwa sababu hiyohiyo iliyonivuta mimi, na wanafunzi wetu wengi watakwenda kufanya kazi huko. Nimeanza kuwapa zoezi hili katika somo la tafsiri: nawaletea habari moja ya maabara, nao wapige mstari chini ya kila kitenzi na kuandika kando nani ametendewa, panya au mtu. Darasa la kwanza, katika wanafunzi thelathini na wawili, ishirini na sita walimfanya panya kuwa mtu kabla ya aya ya pili.

Kijana wetu amerudi masomoni na anameza vidonge vyake. Mwezi uliopita niliandika upya ile sentensi nikampa ampelekee baba yake: "Dawa hii imepunguza uharibifu wa utando wa utumbo mpana kwa panya waliofanywa wagonjwa kwa kemikali kwa muda wa siku saba, haijajaribiwa kwa binadamu." Mzee alinirudishia karatasi kwa mkono wa mwanawe. Kwa kalamu nyekundu alikuwa amekata mkato, akaweka nukta kamili, na mwanzo wa sentensi mpya akaongeza neno moja: "Bado."